Komba wa Mnazini

SALEHE: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu. Leo hatuko studio. Tuko Muheza, barazani kwa dada Mwanaidi, na ni saa tatu usiku. Mkisikia kelele juu ya minazi msizime simu. Anayelia huko ndiye tunayemzungumzia.

MWANAIDI: Waaleikum salaam. Karibuni sana. Hebu waeleze kwanza umetaka tumzungumze komba kwa nini.

SALEHE: Kwa sababu ya babu yangu. Alikuwa mgema kule Pongwe. Alfajiri moja, nikiwa na miaka minane hivi, alishuka mnazi wa kwanza akiwa na kibuyu cha tembo mkono mmoja, na kifuani amembeba komba. Amelewa chakari, hajitambui. Ule msemo wa kulewa kama komba nikauona kwa macho yangu. Babu akamlaza kivulini, kwenye makuti, akasema tumwache mpaka zimtoke. Mimi nikamshika mkono. Vidole vitano, dada. Na kucha bapa kama zangu. Sijausahau ule mkono mpaka leo.

MWANAIDI: Ulishika penyewe hasa. Tazama Kiswahili chetu kilivyo makini: paka ana makucha, panya ana makucha, lakini komba ana kucha. Ukucha bapa unaikinga ncha laini ya kidole, na ile ncha laini ndiyo inayoshika tawi na kulihisi. Huyu ni mnyama anayeishi kwa kushika. Kidole kimoja tu ndicho tofauti, cha pili cha mguu. Hicho kina ukucha mrefu uliochongoka, wa kujichania manyoya.

SALEHE: Na macho?

MWANAIDI: Macho yote mawili yanatazama mbele. Picha mbili zikikutana ubongoni, anajua tawi lile liko umbali gani kabla hajaruka. Asipojua, ataanguka. Kucha, kushika, macho ya mbele, ubongo mkubwa ukilinganisha na mwili, mtoto mmoja au wachache wanaolelewa muda mrefu. Ukizikuta sifa hizo pamoja, uko kwenye oda ya primata, yaani kundi kubwa la wanyama wa ukoo mmoja. Jina hilo alilitoa mtaalamu wa viumbe, Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1758, na ndani ya oda hiyohiyo akamweka binadamu.

SALEHE: Hapo kuna mzee anatusikiliza Ngamiani, ameshaweka kikombe chini. Anauliza, mnasema babu yetu ni komba?

MWANAIDI: Shikamoo mzee wangu. Hapana, hatusemi hivyo. Binamu yako hakukuzaa. Wewe na yeye mna babu mmoja, kisha kila mmoja akashika njia yake. Wataalamu wanasema njia yetu na ya komba ziliachana zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Komba wa leo naye ametembea miaka hiyohiyo tuliyotembea sisi. Hakubaki nyuma akitungoja. Alichagua usiku, na usiku ameuweza.

SALEHE: Fafanua hapo, ameuweza vipi?

MWANAIDI: Mmulike na tochi, macho yanarudisha mwanga, mekundu kama makaa. Nyuma ya jicho ana utando kama kioo, mwanga uliopita bila kunaswa unarudishwa unaswe mara ya pili. Wewe huna utando huo. Wewe ulipewa rangi: nyani, kima, sokwe na sisi tunaliona embe bivu jekundu kwenye majani mabichi. Halafu masikio yake, kila moja linageuka peke yake na kujikunja, anamsikia mdudu kabla hajamwona. Na mifupa ya wayo imerefuka, ndiyo maana anaruka vile, kama amefyatuliwa.

SALEHE: Na pua uliniambia wakati tunakunywa chai.

MWANAIDI: Naam, pua ndiyo inayogawa ukoo huu pande mbili. Komba na lemuri wa Madagaska wana pua yenye unyevu, kama ya mbwa. Nyani, kima, tumbili, mbega, sokwe na watu ni upande wa pua kavu. Lakini mimi nikifundisha wanafunzi wangu hapa Muheza sianzii puani. Naanzia kwenye chungwa.

SALEHE: Chungwa la Muheza!

MWANAIDI: Lenyewe. Komba anaitengeneza vitamini C mwilini mwake, kama mbuzi, kama paka. Sisi wa pua kavu hatuwezi. Jeni la kuitengeneza, yale maelekezo ya mwili tunayorithi, tunalo, lakini limeharibika tangu zamani sana. Wazee wetu wa zamani hizo walikula matunda na majani kila siku, kwa hiyo lilipoharibika hakuna aliyeumia. Tukarithi hivyo. Nyani akipanda mwembe, nawe ukimenya chungwa, mnaziba pengo moja. Watoto wakilisikia hilo darasani hunyamaza kabisa, na mimi nafurahi sana nikiuona ule unyamavu.

SALEHE: Sasa hao wa pua kavu. Mtaani kwetu wote ni nyani.

MWANAIDI: Na hilo linaniuma, kwa sababu lugha yetu imeshawatenga. Nyani anatembea chini, kwa makundi, ana uso mrefu kama wa mbwa. Tumbili ni mdogo, uso mweusi, na wengine humwita ngedere. Kima ni wa msituni. Panda Amani uwaone kima, na juu yao mbega, mweusi mwenye mashungi meupe mabegani. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe mtupu. Umeshamtazama mbega mkono?

SALEHE: Niliwaona wakiruka tu. Mkono hapana.

MWANAIDI: Hana gumba. Limebaki kama kinundu tu. Anapita matawini kwa kuning'iniza vidole vinne kama kulabu. Na anakula majani ambayo nyani angeumwa tumbo nayo, maana tumbo lake lina vyumba, ndani yake mna bakteria wanaoyachachua, karibu na anavyofanya ng'ombe. Ndiyo maana unamkuta ameketi saa nyingi kimya. Anasaga chakula.

SALEHE: Na nyani haoni kundule.

MWANAIDI: Methali hiyo imebeba elimu ya viumbe. Lile kundu lina sugu ngumu zisizo na manyoya. Nyani analala ameketi, juu ya mti au mwamba, usiku kucha. Bila sugu zile asingelala. Sokwe hana haja nazo, kwa sababu jioni anakunja matawi, anajitandikia kitanda, analala chali. Sokwe pia hana mkia. Nyani anao. Hiyo ndiyo alama ya haraka.

SALEHE: Waliachana lini hao wawili?

MWANAIDI: Hapo Tanzania ina neno lake. Mwaka 2013 zilitangazwa taya na meno kutoka bonde la ufa la Rukwa, za miaka milioni 25. Moja ya ukoo wa sokwe, nyingine ya ukoo wa nyani na kima. Maana yake, wakati ule walikuwa wameshatengana, na ushahidi umetoka ardhini kwetu.

SALEHE: Subiri… umesikia?

MWANAIDI: Nimesikia. Mnazi wa jirani. Sogeza maikrofoni huku.

SALEHE: Kama mtoto analia.

MWANAIDI: Huyo ni komba mkubwa. Kuna wengine wadogo mno, wa gramu kama 60 hivi, wanapatikana msitu wa Zaraninge, njia ya Bagamoyo. Aina nyingine zinafanana hata ukiwashika mkononi, na wataalamu huwatenganisha kwa mlio. Komba mwenyewe anamtambua mwenzake gizani kwa sauti.

SALEHE: Basi tunyamaze, wasikilizaji wamsikie na wao.

MWANAIDI: Ngoja kidogo… analia tena. Na yule wa upande wa barabarani anamjibu.