Waya Haujui Kukunjuka

Asanteni, kaeni. Kila mtu ana kipande chake cha waya? Ni shaba tupu, unene milimita 0.8, urefu kama wa kiganja. Aliyekosa apunge mkono. Na tafadhali msikiguse kwanza. Nawajua: nikigeuka tu kunywa maji, nusu ya ukumbi itakuwa imeshatengeneza pete.

Nimeombwa nizungumzie vito vya waya vinavyofumwa kwa mkono, kuanzia kitanzi cha kwanza hadi kishikizo cha mkufu. Nimeandaa mambo saba. Walionisikia siku nyingine wanajua kwamba la kwanza litakula muda wote na mengine nitayapitia mbio. Niwieni radhi. Nitaacha kulisema siku nitakayoingia darasani nisimkute mtu anafumua waya.

Kiswahili kimetuponza, ndugu zangu. Ukisema funga, papo hapo unayo fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Fuma, fumua. Unachomeka "u" moja tu na mambo yanarudi yalivyokuwa. Mfumaji wa sufu ameishi ndani ya "u" hiyo maisha yake yote. Kakosea safu ya 6, anafumua hadi ya 5, uzi anauviringa, kazi inaendelea, na sweta likishafuliwa mara moja hata yeye mwenyewe hakumbuki alikosea wapi. Sasa mtu huyohuyo mpe waya. Anakuja na sindano zake, na mkono wake mwepesi, na "u" yake mfukoni.

Waya unaukunja. Huukunjui. Hicho mnachokiita kukunjua ni kukunja mara ya pili, kuelekea upande mwingine.

Haya, sasa shikeni vipande vyenu. Kunja katikati, kona kali kama kiwiko. Umekunja? Sasa nyoosha kwa vidole, bila koleo. Utazame vizuri. Pale palipokuwa na kiwiko pamebaki kinundu, sivyo? Kiwiko kimekataa. Waya umenyookea pembeni yake, huku na huku, ambako bado ni laini. Basi kunja tena palepale, nyoosha, kunja, nyoosha, haraka haraka, halafu gusisha mdomoni. Naam, pana joto. Usiogope mama, hautakuunguza. Endeleeni mpaka ukatike, na muhesabu.

Huyu wa mbele, mara ngapi? Saba. Wewe? Kumi na moja. Huyo bado, anakunja kwa huruma. [Kicheko] Hiyo ndiyo hesabu yako, ndugu yangu. Kila waya unakuja na akiba yake ya mikunjo, na kila ukikunja umechota humo. Shaba, na fedha pia, imejengwa kwa fuwele ndogo ndogo. Ukikunja, matabaka ndani ya fuwele hizo yanateleza, moja juu ya jingine, na kila mteleko unaacha hitilafu ndani yake. Hitilafu zikisongamana, zinazuiana njia, na waya unakuwa mgumu. Ukishakuwa mgumu na wewe bado unaulazimisha, unapasuka. Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii imewachosha watoto wa shule, lakini kwenye waya si methali, ni maelezo ya kazi.

Sasa niwape kisa changu, na wanaokijua wavumilie.

Mkufu wa kwanza niliouuza ulikuwa wa waya wa fedha, milimita 0.3, sindano namba 3, vitanzi sita kwa upana, na shanga ndogo za kioo kila safu ya nne. Nilikuwa nimefuma masweta miaka mingi, nikajiona fundi. Nilipofika safu ya 40 na kitu nikaona shanga moja imeangukia upande wa nyuma. Jicho la mfumaji wa sufu halilali. Nikafumua hadi pale. Waya ukatoka umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Nikaushika kwa koleo lenye midomo ya plastiki, nikauvuta taratibu mara tatu nne, ukanyooka, nikafurahi, nikafuma upya. Siku ya pili nikaona kitanzi kimoja kikubwa kuliko wenzake. Nikafumua tena.

Mkufu ulipokamilika ulikuwa mzuri. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu umbo halisemi kitu. Tena nikiushika niliona umekuwa imara kuliko vipande vyangu vya majaribio: ukiubonyeza unaruka kama springi. Nikajisifu. Sikujua kwamba kile nilichokiita uimara ndicho kilichokuwa kinauua.

Wiki ya tano ukarudi kwenye bahasha. Si mkufu, ni vipande vitatu na shanga zinazobingirika. Ndani hamkuwa na barua. Kungekuwa na matusi ningeshukuru. Nikatandaza kitambaa cheupe, nikachukua kioo cha kukuzia, nikaangalia kila mkatiko. Hakuna hata mmoja uliokuwa kwenye kilele cha kitanzi, mahali ambapo ungetarajia. Yote ilikuwa kwenye mguu wa kitanzi, sehemu iliyonyooka kabisa isiyo na kosa lolote. Ilinichukua jioni nzima kuelewa: sehemu ile iliwahi kuwa kilele. Ilikuwa kilele cha kitanzi nilichokifumua, nikakinyoosha, nikakisahau. Mimi nilikuwa nimeshasahau. Waya ulikuwa unakumbuka.

Najua mnalotaka kusema. "Mwalimu, si unakosea kila siku? Tufanyeje basi?" Mambo matatu. Kwanza, kiache. Kitanzi kimoja kikubwa kwenye mkufu wa vitanzi mia tatu anakiona mfumaji tu, na mfumaji hanunui, anakuja kukagua. Pili, kirekebishe bila kukirudisha: ingiza ncha ya sindano ndani ya kitanzi, kisukume taratibu kipate umbo, usivute. Tatu, kata. Ndiyo, kata kabisa, weka pembeni, anza na waya mpya. Naona nyuso zinakunjamana. Fedha ni ghali, nakubali. Ndiyo maana unafanya mazoezi kwa shaba mpaka mkono uzoee, na fedha unaishika siku ambayo mkono umeshaacha kufikiri.

Na tukiwa kwenye kuvuta, kuna hili la kifundo. Waya ukitoka kwenye roli hujiviringa, unajitengenezea kitanzi kidogo pembeni, hata hujakiona. Mkono wa sufu unafanya nini? Unavuta, kwa kuwa uzi ukivutwa hufunguka. Waya ukivutwa, kile kitanzi kinafunga, kinakuwa kifundo kikali, na hapo umeshapata kovu. Hata ukikinyoosha kwa koleo, hapo ndipo utakapokatika. Kitanzi kama hicho usikivute. Weka kidole gumba upande huu na kingine upande ule, sukuma ncha zikaribiane, kitapanuka, kitafunguka chenyewe. Nirudie kwa wa nyuma: sukuma, usivute. Mkitoka hapa na neno hilo moja, mimi nimelipwa.

Kuna tofauti nyingine inayotokana na hilohilo. Kwenye sufu, vitanzi vinakopeshana. Hiki kikubwa, kile kidogo, ukivuta kitambaa kwa upana uzi unahama, vinagawana. Waya haukopeshi. Kitanzi kinabaki kama ulivyokizaa. Kwa hiyo usawa hautokani na kukaza baada ya kila kitanzi, unatokana na sindano yenyewe: lalisha waya juu ya sindano, ufuate mviringo wake, basi, ondoka. Anayekaza ataona safu ya pili sindano haiingii, kisha atakuja kuniambia waya wangu ni mbaya.

"Lakini mwalimu, si kuna moto?" Nilikuwa nasubiri. Daima yupo mmoja aliyesoma. Ni kweli, shaba na fedha zilizokuwa ngumu zikipashwa moto mpaka ziwe na wekundu hafifu, fuwele zinajipanga upya na ulaini unarudi. Masonara wanafanya hivyo tangu zamani. Ila sonara anapasha kipande kinene. Wewe una waya wa milimita 0.3. Fedha tupu inayeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, ile ya 925, iliyochanganywa na shaba kidogo, inaanza hata kabla ya hapo, na waya mwembamba hivyo unatoka kwenye wekundu hafifu hadi kuwa tone kabla hujapepesa jicho. Na mkufu wako una shanga za kioo. Unazipasha nazo? Moto ni wa kabla ya kufuma, waya ukiwa kwenye robota lililobanwa vizuri, na mwanga wa chumba umepunguzwa ili uuone ule wekundu. Na nyaya zilizopakwa rangi, au zile za shaba za ndani ya mota zenye vanishi, usiziweke kwenye moto hata siku moja. Moshi wake haufai kuvutwa. Za kwenye mota kuukuu nawakataza pia kwa sababu nyingine: zimeshaviringwa, zimeshakunjwa kwenye pembe, akiba yake ameshaitumia mtu mwingine.

Sasa mnisamehe nitoke kidogo nje ya njia. Nasikia watu wakiita kila mkufu wa waya "ufumaji wa Waviking", wale mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya. Ufumaji huo wa Waviking si ufumaji wa sindano mbili hata kidogo. Sindano mbili zinatoa kitanzi kipya ndani ya kitanzi cha zamani, na waya wote bado uko kwenye roli. Ukikata mahali pamoja, vitanzi vinaweza kuachia kimoja baada ya kingine. Kwenye ule wa Waviking unachukua waya mfupi, kama mita moja, na kwa kila kitanzi unapitisha ncha yote nyuma ya mguu wa kitanzi cha juu yake, ukizunguka kijiti. Waya ukiisha unaunganisha mwingine. Ukimaliza unatoa kijiti, unaupitisha mkufu kwenye tundu la ubao, halafu tundu dogo zaidi, halafu dogo zaidi, unarefuka na kulainika mkononi kama kamba. Wanaakiolojia wanauita Trichinopoly, jina la zamani la mji wa Tiruchirappalli kule India, uliosifika kwa mikufu. Kule Trewhiddle, Uingereza, mwaka 1774 wachimba bati walifukua hazina ya fedha ya karne ya 9, na ndani yake mna mjeledi uliofumwa hivyohivyo kwa waya wa fedha. Uko kwenye makumbusho ya British Museum, London, mpaka leo, haujafumuka.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu mbinu ile haina kufumua ndani yake. Ncha imeshapita, imepita. Kila sehemu ya waya inakunjwa mara moja, inakaa. Fundi wa Trewhiddle sidhani alijua lolote kuhusu fuwele, ila mkono wake ulijua.

Au mtazameni Ruth Asawa, yule mchongaji wa Marekani. Mwaka 1947 alikwenda Toluca, Mexico, akawakuta watu wanasuka vikapu vya waya vya kuwekea mayai, kitanzi ndani ya kitanzi. Akajifunza kwao, akarudi, akatumia mbinu hiyohiyo kutengeneza maumbo yanayoning'inia, umbo ndani ya umbo, unaona upande wa pili. Si vito, najua, msinikatize. Nasema alianza kwa watu waliojua waya, hakuanza kwa watu waliojua sufu. Na Arline Fisch, aliyefundisha usonara San Diego tangu 1961, alichukua mbinu za nguo zote, kufuma, kusuka, kroshia, akazileta kwenye metali. Ila alikuwa sonara kwanza. Sisi tunakuja kutoka upande wa pili wa mto, ndiyo maana tunalowa.

Naoneshwa saa. Dakika tano? Nilijua.

La pili basi, unene. Milimita 0.3 kwa sindano mbili, au 0.25 kama vidole vinauma. Ile 0.5 ni ya kijiti, si ya sindano. Mtaumiza vifundo vya mikono bure. Sindano za chuma, kwa kuwa waya unachimba mifereji kwenye za mbao. Shanga zote zitungwe kwenye waya kabla ya kitanzi cha kwanza, na tunga za ziada. Zikipungua katikati hakuna pa kuziingizia. Wanaotaka bomba jembamba bila sindano, chukueni kile kigurudumu cha uzi cha mbao chenye misumari minne juu. Kinatosha, na kinafundisha kutovuta kuliko mimi.

Ngozi: shaba inaacha ukijani kwa baadhi ya watu, hauna madhara, unaoshwa. Nikeli ndiyo ya kuogopa, inawatoa watu vipele, ulizeni kabla ya kununua. Ncha za waya zifichwe ndani ya bomba, zibanwe kwa koleo, kisha zipitishiwe kitambaa cha nailoni, kikinasa, hujamaliza. Vishikizo siviwezi leo. Kupanga bei ndiyo kabisa, tusubiri siku nyingine.

Swali moja. Ndiyo dada? Ukishaanza kufuma na waya ukakatika katikati ya safu? Unaunganisha mpya kwa kuupitisha sambamba na wa zamani vitanzi viwili vitatu, ncha unazificha baadaye. Usiusokote pamoja. Kusokota ni nini? Ni kukunja. Naona unaanza kunielewa.

Vile vipande vyenu vilivyokatika msiviache sakafuni, vinatoboa soli. Kopo liko mlangoni, mkono wa kushoto. Na yule bwana aliyekuwa anakunja kwa huruma, kimekatika? Bado? Basi nenda nacho nyumbani, utaniambia hesabu.