Kipande cha tyubu chini ya kiti: kuishi na Beetle ya mwaka 1970

SHANGAZI: Karibuni tena kipindini. Leo tunarekodia uani kwangu, hapa Tanga, gari langu la Volkswagen Beetle la mwaka 1970 likiwa mbele yetu. Nipo na mtoto wa kaka yangu, fundi umeme wa magari.

FUNDI: Shikamoo shangazi. Wasikilizaji, salaam.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Tuzungumzie zile kero ndogo ndogo ambazo mtu anaweza kuzimaliza mwenyewe nyumbani. Ulikuwa na hamu ya kuanzia kiti cha nyuma.

FUNDI: Ndiyo, maana pale si kero tu, ni moto. Betri ya Beetle inakaa chini ya kiti cha nyuma. Kiti chenyewe kina springi za chuma, na juu yake kuna makumbi ya nazi yaliyogandishwa kwa mpira. Akikaa abiria mzito, springi inashuka na kugusa vichwa vya betri. Cheche zikiruka, makumbi yanashika.

SHANGAZI: Langu lilikuja bila kile kifuniko cha betri cha kiwandani. Kilishapotea zamani.

FUNDI: Mengi yako hivyo. Dawa yake ni tyubu kuukuu ya lori. Kata kipande kikubwa kuliko betri, kishuke pembeni pande zote, halafu kifunge kwa ukanda wa mpira au kitambaa. Usitumie waya. Na betri yenyewe ikazwe isiteleze. Mimi gari lolote la aina hii likiingia gereji, hata kama limeletwa kwa ajili ya taa, nanyanyua kiti kwanza.

SHANGAZI: Nilikaa na watoto kwenye kile kiti miaka mingi bila kujua. Haya, tuje kwenye maji ya kuoshea kioo cha mbele. Mimi kila nikitaka tairi la spea nalikuta limelegea.

FUNDI: Kwa sababu hewa ya kurusha maji inatoka humo humo. Kuna mpira unaotoka kwenye spea kwenda kwenye chombo cha maji kule mbele, chini ya boneti. Kuna vali ya kuzuia hewa isishuke kupita kiasi, lakini vali ya zaidi ya miaka 50 huwezi kuitegemea. Na viungo vya mipira navyo vinavuja.

SHANGAZI: Nilichofanya, nilinunua chupa ya kunyunyizia maua, ile ndogo yenye pampu ya mkono juu. Nikaunganisha na mpira uleule wa maji unaokwenda kwenye swichi ya kurushia maji, kile kitufe cha chupa nikakifunga kikae wazi. Nikiipampu asubuhi, maji yanatosha safari ya kutwa.

FUNDI: Hiyo naipenda kwa sababu hukutoboa bati. Siku ukitaka kurudisha mfumo wa kiwandani, unachomoa tu. Bati la Beetle likitobolewa hapa kwetu pwani, chumvi inaingia kwenye tundu na kutu inaanzia hapo.

SHANGAZI: Vioo vya milango?

FUNDI: Kikiwa kizito kupanda, paka nta ya mshumaa kwenye mifereji yake. Kikigonga ndani ya mlango unapokishusha, kata unyayo wa kandambili, gundisha pale kinapotua. Basi.

SHANGAZI: Mimi kilichonisumbua zaidi ni ile hadibodi ya ndani ya mlango, ilivimba kama mkate.

FUNDI: Mvua lazima iingie mlangoni, ndivyo ulivyotengenezwa. Maji yanapita pembeni ya kioo na kutokea kwenye matundu ya chini. Pitisha spoku ya baiskeli taratibu kwenye matundu hayo, utashangaa udongo utakaotoka. Kisha nyuma ya hadibodi bandika nailoni nzito, na ncha yake ya chini uiingize ndani ya mlango ili maji yateremkie huko.

SHANGAZI: Na mkanda wa feni. Nataka hili walisikie hasa akina mama wenzangu. Taa nyekundu ya dainamo iliwaka nikiwa nakaribia Muheza. Niliegesha na kuzima papo hapo, maana injini hii haina maji, inapozwa na hewa ya feni, na feni inazungushwa na mkanda ule ule wa dainamo. Nilikuwa na mkanda mpya, spana namba 21 na bisibisi kubwa.

FUNDI: Bisibisi unaitegesha kwenye pengo la puli, lile gurudumu dogo linalobeba mkanda, ili isizunguke, unafungua nati. Mkanda ukiwa umelegea unatoa washa moja, kile kipete cha bati, katikati ya vipande viwili vya puli na kuiweka upande wa nje, usiitupe. Ukibonyeza kwa kidole gumba, ushuke kama milimita 15.

SHANGAZI: Nilimaliza mwenyewe, mikono myeusi, nikaendelea na safari. Tangu siku ile gari hili nalihisi ni langu kweli.

FUNDI: Ila shangazi, mpira wa petroli msibuni chochote. Usifungwe tepi, usifungwe kitambaa. Ukiona ufa, nunua mpya wa petroli, na klipu zake. Injini iko nyuma na ina joto. Petroli ikidondokea pale, gari linaungua mbele ya macho yako.

SHANGAZI: Wangu ulibadilishwa lini?

FUNDI: Mwaka juzi. Tufungue tuutazame sasa hivi. Na ile spoku nimekuja nayo, mlango wa kushoto nimeusikia ukichezesha maji.