Mwaka wa Pili Utalipwa na Nani?

Mhadhara wa umma uliotolewa Kisumu mbele ya maafisa wa kaunti, wanafunzi na wananchi. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Asante mwenyekiti. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, maafisa kutoka kaunti jirani, walimu wenzangu, wanafunzi, hamjambo. Baadhi yenu mmenisikia nikilisema jambo hili Kakamega, wengine Nakuru. Mtalisikia tena leo, kwa sababu mikataba ya miradi ya akili unde bado inatiwa sahihi vilevile.

Sitaeleza akili unde ni nini. ChatGPT ilitoka Novemba 2022 na sidhani kuna mtu humu ukumbini ambaye hajaigusa. Serikali ya taifa ilizindua mkakati wake wa akili unde Machi 2025, wa kwenda hadi 2030, na tangu hapo kila mfadhili anayetua uwanja wa ndege wa Kisumu ana mradi wa majaribio mkobani. Huyu ana mtambo wa kujibu maswali ya leseni za biashara, yule ana wa kufupisha maoni ya wananchi kwenye vikao vya bajeti, mwingine ana wa kuandika kumbukumbu za mikutano. Siyapingi majaribio hayo hata kidogo. Nataka yaishi. Ndiyo maana nauliza kila mahali swali lilelile: mwaka wa pili utalipwa na nani?

Ukinunua tingatinga, umelinunua. Linaingia kwenye rejista ya mali ya kaunti na bei yake inajulikana. Akili unde inayozalisha matini hainunuliwi hivyo. Mara nyingi unalipia kadiri unavyoitumia: maandishi yanayoingia na yanayotoka huhesabiwa kipande kwa kipande, bili inakuja mwisho wa mwezi, na bili yenyewe ni ya dola. Wananchi wakiupenda mtambo, bili inapanda. Haya ni matumizi ya kawaida, yapo fungu moja na umeme na mafuta ya magari. Lakini mradi wa majaribio tunauandika wapi? Kwenye maendeleo! Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo katika kipindi cha kati, yaani miaka kadhaa, na mradi wa mfadhili unaipendezesha hesabu hiyo. Mwaka unaisha, mfadhili ameshaaga, fungu la maendeleo limefungwa, na upande wa matumizi ya kawaida hakuna aliyeweka hata shilingi moja. Mtambo unazimwa. Mwananchi aliyekwisha kuuzoea anarudi dirishani na hakuna anayemwambia kwa nini.

Na hata fungu likiwepo, mgao kutoka Hazina Kuu ukichelewa miezi miwili itakuwaje? Msitabasamu, mnajua huchelewa. Mwenye duka la karatasi hapa mjini atakusubiri, maana hana la kufanya. Kampuni ya ng'ambo inayokutoza kwa kadi itakukatia huduma.

Najua kuna mtu anasema moyoni: lakini ni bure, mfadhili analipa kila kitu. Ndugu yangu, ng'ombe wa gredi wa kupewa hula kila siku, na daktari wa mifugo hamuulizi mwenye ng'ombe kama alinunua au alipewa. Tazameni wenzetu wa Umoja wa Ulaya. Wana programu ya 2021 hadi 2027 iitwayo Digital Europe, yenye zaidi ya yuro bilioni 7, na humo wanafadhili pia majaribio ya akili unde katika ofisi za umma. Katika ruzuku nyingi za programu hiyo Umoja hulipa nusu ya gharama, na nusu iliyobaki anaitafuta anayeomba. Kwa nini? Kwa sababu ofisi iliyoweka pesa yake yenyewe itauliza maswali kabla ya kutia sahihi. Sisi tunapokea mia kwa mia, hatuulizi kitu, kisha tunashangaa mradi kufa yatima.

Sasa twendeni Mosoriot. Naona wanaonijua wanacheka. Chekeni tu, lakini sikilizeni, maana wanafunzi wa mwaka huu hawajaisikia habari hii, na ni habari ya kwetu.

Mosoriot ni kituo cha afya kule Nandi, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, walianzisha pale mfumo wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Mwaka 2001, wakati wengi wetu tulikuwa tunapanga foleni kwenye kibanda cha simu! Wala haukuwa mfumo wa kifahari. Ulijengwa kwa Microsoft Access, programu ya kawaida ya ofisini. Mgonjwa akifika anaandikishwa, anapewa fomu ya karatasi, anazunguka nayo kwa mhudumu, maabara, kwenye dawa. Akimaliza, fomu inarudi kwa karani, naye karani anaingiza yaliyomo kwenye kompyuta. Kila kitu kilimtegemea karani huyo. Akikosea nambari, mgonjwa amepotea.

Na waliuanza kwa kupima. Kabla ya mfumo kuwashwa walifuata wagonjwa na wafanyakazi wakiwa na saa mkononi, na ulipoanza kazi wakapima tena. Matokeo yalichapishwa 2003. Muda wa mgonjwa kuwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Muda wa kusubiri ulipungua kwa asilimia 38. Muda wa mhudumu kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58. Wakaandika pia jambo ambalo mradi wa siku hizi ungelificha: kwamba wafanyakazi walikaa na wagonjwa muda mfupi zaidi, na kwamba sehemu ya muda uliookolewa ilikwenda kwenye shughuli zao binafsi. Liliandikwa na kuchapishwa. Ndiyo maana nawaheshimu watu wale.

Kisha mfumo ukaelemewa. Ukimwi ulileta maelfu ya wagonjwa wa kufuatiliwa maisha yao yote, na Access haikuweza kubeba mzigo huo. Wangeweza kupiga picha za kufunga mradi na kwenda nyumbani. Badala yake, 2004, walianza kujenga upya pamoja na wenzao wa Marekani, na Februari 2006 OpenMRS, mfumo huo mpya, ikaanza kazi kwa mara ya kwanza Eldoret. Leo inatumika katika nchi nyingi duniani, na KenyaEMR, ambayo utaikuta kwenye kliniki za ARV hapa Kisumu na kwingineko nchini, imejengwa juu yake. Mizizi yake iko kwenye kituo cha afya cha Nandi na fomu ya karatasi.

Mtaniambia: mwalimu, AMPATH, yaani ule ushirikiano wa Moi na Indiana, walikuwa na pesa za Marekani. Kweli, walikuwa nazo nyingi, na kwa miaka mingi. Hapo ndipo ninapotaka mfike. Kwa miaka mingi! Hakuna aliyewapa miezi tisa, semina mbili na fulana. Na hata hivyo, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kaunti zetu ziligundua ni mishahara mingapi ya makarani na wahudumu iliyokuwa nje ya bajeti zao. Basi ikiwa mradi uliolelewa vizuri namna ile ulitikiswa, huu wako wa miezi tisa utasimama kwa nini?

Tena hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kuona majaribio yakizidi kiasi. Vukeni Busia. Januari 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi yote mipya ya afya kwa kompyuta na simu, kwa sababu ilikuwa mingi, kila mfadhili na wake, haisemezani, na wizara yenyewe haikuwa inajua nani yuko wilaya gani anafanya nini. Ilikuwa ni hatua ya ujasiri, na nasikitika kwamba hapa kwetu kaunti nzima zinaogopa kumwambia mfadhili mmoja "ngoja kwanza".

Nirudi kwenye kupima. Uingereza, kati ya Septemba na Desemba 2024, watumishi wa umma 20,000 walijaribu msaidizi wa akili unde, na ripoti ikasema wameokoa wastani wa dakika 26 kwa siku. Takwimu hiyo imeshafika kwenye kila andiko la mradi ninaloletewa. Lakini dakika hizo zilitokana na watumishi wenyewe kukadiria! Idara nyingine ya serikali hiyohiyo, ya biashara, ilifanya tathmini yake na haikupata ushahidi wa wazi kwamba tija ya kazi imeongezeka. Mimi nataka dakika za mama anayeuza omena pale soko la Kibuye, aliyefunga kibanda kuja kufuatilia leseni. Amesubiri kiasi gani kabla, na kiasi gani baada? Kama andiko la mradi halina fungu la kumpima mama huyo kabla mtambo haujawashwa, lirudisheni. Mosoriot waliweza kwa saa ya mkononi.

Na karani. Kila andiko ninaloletewa lina fungu la mtambo, fungu la mshauri, fungu la uzinduzi. La karani halimo. Jamani, huo mtambo utajibu kutoka wapi? Ada za leseni zimo ndani ya Sheria ya Fedha ya kaunti, na ada hizo hubadilika. Sheria mpya ikipita, nani atautoa ule waraka wa zamani na kuuweka mpya? Asipokuwepo, mtambo utajibu kwa ada za mwaka juzi, kwa lugha tamu na kujiamini kabisa. Jiji la New York lilizindua mtambo wa kuwashauri wafanyabiashara Oktoba 2023. Machi 2024 waandishi wa habari wakaufichua: ulikuwa unawaambia waajiri kwamba wanaweza kuchukua bakshishi za wafanyakazi wao, jambo ambalo sheria inakataza. Huyo ni New York, mwenye wanasheria wa kila aina. Na msidhani mtajificha nyuma ya mashine. Shirika la ndege la Air Canada lilijaribu kusema mtambo wake wa kujibu wateja unawajibika wenyewe kwa ulichosema. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia likakataa, na shirika likamlipa abiria. Afisa wa leseni, jibu la mtambo ni jibu lako.

Najua afisa wa utumishi ananisubiri na ile kanuni ya mishahara kutozidi asilimia 35 ya mapato. Sijasema tuajiri. Nimesema masjala zina watu tayari. Kuna mama yupo masjala ya ardhi anayejua kila faili iliko, hata ile iliyopotea, na hajawahi kupelekwa kwenye mafunzo hata siku moja. Vijana wa habari na mawasiliano ndio wanaopelekwa Naivasha kila robo mwaka. Mpelekeni huyo mama. Mpeni cheo ndani ya mradi, aandikwe jina kwamba ndiye anayeidhinisha waraka gani uingie kwenye mtambo na upi utoke. Asipokubali yeye, mtambo usiwashwe.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi yaliyobaki nayapitia mbio.

Sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya kugusa taarifa za watu pale ambapo hatari ni kubwa. Huduma Namba, ule mpango wa kitambulisho cha kidijitali, iliangukia hapo: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema uzinduzi wake ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa. Kama serikali ya taifa ilikwama, kaunti haitapita. Sheria hiyohiyo inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake, na Katiba, ibara ya 47, inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa hiyo bursari za wadi msizipeleke kwenye mtambo. Kufupisha fomu, sawa. Kuchagua mtoto, hapana.

Lugha. Maneno ya Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza kwenye mitambo mingi hii, na kwa kuwa unalipia vipande, ujumbe uleule unakugharimu zaidi. Wekeni jambo hilo kwenye makadirio. Kuhusu Kidholuo na Kiluhya, msiagize mshauri kutoka nje kabla hamjabisha hodi Chuo Kikuu cha Maseno. Maseno na vyuo wenzake wameshakusanya Kencorpus, hazina ya maandishi na sauti ya Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya: maneno milioni 5.6 na saa 177 za sauti. Kazi hiyo inahitaji pesa iendelee, na hiyo ni pesa ambayo haitazimika mkataba wa mtambo ukiisha. Nilitaka pia kuwaonyesha UlizaLlama, mtambo wa shirika la Jacaranda Health unaosaidia kujibu kina mama kwa Kiswahili, lakini muda hautoshi. Itafuteni.

Ununuzi nauacha kabisa, ingawa ndio wenye ugonjwa mkubwa. Tutafute siku yake.

La kufanya, basi. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Waheshimiwa, waraka huo ukifika mbele yenu, tafuteni kila mradi wa majaribio wenye neno akili unde. Ulizeni bili ya mwaka wa pili iko ukurasa gani, upande wa matumizi ya kawaida, kwa shilingi, ikiwa na nafasi ya dola kupanda. Ulizeni ofisi gani itaumiliki, na masjala gani itaulisha. Ulizeni utazimwa vipi usipofaa, na taarifa za wananchi zitarudishwa kwa nani. Majibu yasipopatikana, mradi usubiri mwaka mwingine. Kaunti 14 za ukanda wa ziwa zikiuliza maswali hayo kwa sauti moja, wafadhili watakuja na mikataba ya miaka mitatu na minne, kwa sababu nao wanahitaji mahali pa kupeleka pesa.

Nimemaliza, mwenyekiti. Kipaza sauti kianze na yule afisa wa bajeti safu ya nyuma, ameinua mkono tangu niliposema bili ni ya dola.