Surua: mtoto amepona, kinga imesahau

SALMA: Upele umekauka, homa imeshuka, mtoto anacheza. Wiki chache baadaye anarudishwa na nimonia, au anaharisha mfululizo. Kaka Baraka, hapo katikati kumetokea nini?

BARAKA: Virusi vimeondoka, dada, lakini vimeshaua askari wakongwe. Seli T na B za kumbukumbu, yaani seli nyeupe za damu zinazotambua vijidudu vya zamani, zimejaa kipokezi, mlango juu ya seli, kinachoitwa CD150. Surua inaingilia hapohapo.

SALMA: Zinafikiwaje? Si ugonjwa unaanzia kwenye njia ya hewa?

BARAKA: Seli za ulinzi za mapafuni zinakimeza kirusi, kisha zenyewe zinakibeba hadi kwenye tezi za limfu. Mlinzi ndiye anayemfungulia mwizi! Seli zilizoambukizwa nyingine zinauawa na kirusi, nyingine zinamalizwa na seli T zinazosafisha maambukizi. Hata upele ni alama ya usafishaji huo. Mtoto mwenye seli T dhaifu sana anaweza kuwa na surua kali bila upele wowote.

SALMA: Lakini ukipima picha ya damu, mbona seli nyeupe zinarudi upesi?

BARAKA: Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Idadi inarudi, ila wengi ni wapya waliofunzwa surua tu. Surua haitamrudia, lakini vijidudu vingine alivyokwisha kuvizoea vinamkuta kama mgeni. Mwaka 1908 Clemens von Pirquet, daktari wa Austria, aliona watoto waliokuwa wakivimba ngozi kwa kipimo cha tuberkulini, kinachoonyesha kama mwili unakumbuka vijidudu vya kifua kikuu, wakiacha kuvimba walipougua surua. Na mwaka 2019 ukatoka utafiti wa watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, damu ikilinganishwa kabla na baada ya surua: walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili, protini za damu zinazotambua vijidudu, walizokuwa nazo.

SALMA: Na chanjo? Nayo si kirusi hai?

BARAKA: Hai, ila kimedhoofishwa. Waliochanjwa hawakuonyesha upotevu huo. Tanzania ni miezi 9, halafu miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika.

SALMA: Aliyekwisha kuugua je?

BARAKA: Vitamini A, siku ya kwanza na ya pili. Chini ya miezi 6, yuniti 50,000. Miezi 6 hadi 11, 100,000, kidonge cha bluu. Kuanzia mwaka mmoja, 200,000, chekundu. Kata ncha, mkamulie mdomoni. Macho yakiwa na dalili za upungufu wa vitamini A, anapewa dozi ya tatu wiki 4 hadi 6 baadaye. Kosa la kawaida ni kuishia siku ya kwanza.

SALMA: Na nyumbani?

BARAKA: Hesabu pumzi. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni hatari. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Hapo ni kituo cha afya mara moja. Hesabu dakika nzima. Akiwa analia au ananyonya, subiri kwanza atulie.