Na mtoto akiila ile theluji?

Mwenyekiti, ahsante. Umenipa dakika arobaini, na naona walionizoea wanacheka. Wanajua thelathini kati ya hizo zitaishia kwenye mlima mmoja wa Arizona, Marekani. Ni kweli. Mliokwisha kunisikia, nivumilieni, na nikikosea tarakimu nisahihisheni, maana nyie mmezikariri kuliko mimi.

Tathmini ya athari kwa mazingira, ule waraka unaosema mradi utaathiri nini kabla haujaruhusiwa, sielezi. Nyote humu ama mmewahi kuiandika, ama mmeipigia muhuri, ama imewakuta nyumbani kwenu.

Kaskazini ya mji wa Flagstaff kuna milima inayoitwa San Francisco Peaks. Ni ardhi ya umma, Msitu wa Taifa wa Coconino, chini ya Idara ya Misitu ya serikali kuu ya Marekani. Wanavajo, Wahopi na wenzao, makabila 13 kwa jumla, wanauheshimu mlima ule kama mahali patakatifu. Wahopi wanasema ndiko wanakokaa katsina, roho wanaowaletea mvua. Na ubavuni mwa mlima huohuo, tangu 1938, watu wanateleza kwenye theluji kwa ski, vile vibao virefu vya kufunga miguuni. Kituo kinaitwa Arizona Snowbowl, na kibali chake ni cha ekari 777.

Sasa Arizona ni jangwa kwa sehemu kubwa. Theluji inakuja ikijisikia. Msimu wa 2001–02 kituo kilipata siku 4 tu za kazi, watelezaji 2,857. Msimu wa 2004–05 siku 139, watelezaji 191,317. Mwenye biashara ya namna hiyo halali. Mwaka 2002 kituo kikapeleka ombi: tupanue, na tutengeneze theluji yetu kwa mashine. Maji yatoke wapi? Flagstaff ina mtambo wa kusafisha majitaka. Basi ivutwe bomba ya karibu maili 15 mpaka mlimani, ipandishe hadi galoni milioni 1.5 kwa siku, yaani zaidi ya lita milioni 5 na nusu, kuanzia Novemba hadi Februari.

Majitaka, ndugu zangu. Yametoka vyooni, jikoni, hospitalini, kwenye nyumba za kuoshea maiti. Yamesafishwa, ndiyo. Namwona mhandisi wangu wa maji pale mstari wa pili ameshanyanyua kidole: Mwalimu, hayo ni ya daraja A+! Shusha mkono, kaka. Najua ni A+, hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha maji ya namna hiyo kwa kanuni za Arizona. Sikusema yananuka. Nasubiri kufika kwenye swali.

Swali lenyewe nilikutana nalo kabla sijasoma hata ukurasa mmoja wa kesi. Mimi ni mtoto wa Moshi. Theluji nimeiona kila asubuhi yenye anga safi, lakini ya kushika sikuishika mpaka nilipokuwa na miaka 31, nikiwa masomoni. Mnajua kitu cha kwanza nilichofanya? Niliitia mdomoni. Mtu mzima, na suti yangu ya mtumba. Pembeni yangu mtoto wa mwenyeji wangu, ana miaka minne, anairamba kwenye glavu kama watoto wetu wanavyofyonza barafu ya ubuyu, nyuzi za sufu zimemganda midomoni. Mama yake hakushtuka. Watoto wanakula theluji, ndivyo walivyo.

Sasa rudi Arizona. Rasimu ya waraka wa tathmini ilitoka Februari 2004, waraka kamili Februari 2005, pamoja na uamuzi: imekubaliwa. Humo ndani kuna maji ya ardhini, udongo, miti, wanyama, magari, kuna sura nzima ya utamaduni wa makabila. Waraka wa kujaza kabati zima. Na wananchi walikuwa wameuliza: mtoto akiila ile theluji je? Jibu lilikuwa, kwa ufupi, kwamba jimbo linaruhusu maji haya kwa theluji, na kutakuwa na mabango ya kuwajulisha wageni kwamba theluji imetengenezwa kwa maji hayo.

Mabango! Kwa mtoto wa miaka minne!

Na hapa sichoki kuchekea. Kanuni zilezile za Arizona zinakataza maji hayo yasitumike kuogelea, wala kuteleza juu ya maji ukivutwa na boti, kwa sababu mtu anaweza kuyameza. Yakiwa kimiminika, marufuku kuyatelezea. Yakigandishwa, karibu sana, kata tiketi.

Makabila yakaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza, Januari 2006, wakashindwa. Rufani, Machi 2007, majaji watatu wakawapa ushindi kwa hoja mbili. Moja ya dini. Jaji aliyeandika hukumu akasema, hebu fikirini serikali iwaamuru Wakristo wabatize kwa maji ya majitaka yaliyosafishwa tu. Hoja ya pili ilikuwa ya mtoto wetu: waraka haukueleza vya kutosha hatari ya mtu kuimeza theluji ile. Mimi siku hiyo nilinunulia watu soda.

Nilizinunua mapema. Agosti 2008 mahakama ileile ikakaa kwa jopo pana la majaji 11, na kwa kura 8 dhidi ya 3 ikapindua yote. Hoja ya dini ikaanguka. Na ya mtoto? Hapa ndipo ninapotaka msisinzie. Hawakusema theluji ni salama. Hawakusema si salama. Walisema hoja hiyo haikuandikwa ipasavyo kwenye hati ya madai, ikaibuliwa baadaye, kwa hiyo hatuigusi. Swali zuri kuliko yote lilikufia getini kwa sababu ya karatasi. Mwaka 2009 wananchi wengine, na wakili yuleyule, wakalirudisha kwa kesi mpya. Mwaka 2012 mahakama ikawaambia waraka unatosha, tena ikawakaripia kwamba wanachezea mahakama. Desemba mwaka huo mashine zikawashwa. Theluji ya kwanza ikatoka ya njano. Kituo kikaeleza kwamba ni kutu ya mabomba mapya.

Kuna atakayesema: Mwalimu, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini, sisi tuna mawe na mashamba. Ngoja nikupeleke mahali pengine. Kijiji, sikitaji. Mwekezaji wa machimbo ya kokoto, simtaji. Mkutano wa kuwashirikisha wananchi. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa ofisi ya kijiji kwa Kiingereza, limeloa mvua nusu. Tulipewa soda na nauli. Mshauri elekezi akasoma kwa dakika kumi na tano. Akasimama mama mmoja, kitenge cha kijani, akauliza: mkilipua baruti, ng'ombe wetu wanaopita pale kwenda mtoni saa nne watapitia wapi? Ukumbi mzima ukanyamaza, maana njia nyingine haipo. Mshauri akasema tutalifanyia kazi.

Miezi baadaye nikaupata ule waraka. Nikatafuta ng'ombe. Nikatafuta mto. Nikamtafuta mama. Nilikuta sentensi moja kwenye kiambatisho: "Wananchi waliuliza maswali mbalimbali na yakajibiwa." Nani kati yenu hajawahi kuiandika sentensi hiyo? Msiangalie chini, siwataji.

Mnajua ubaya wake? Kwa wenzetu Wamarekani sheria mama ya tathmini hizi, ile Rais Nixon aliyoisaini tarehe 1 Januari 1970, haina meno ya kuzuia mradi. Hilo lilithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1989, tena kwa kesi nyingine ya ski. Bonde la Methow, jimbo la Washington. Mwekezaji anataka kilima cha Sandy Butte, lifti 16 za kupandisha watu, watelezaji 8,200 kwa wakati mmoja. Bondeni wanapita kulungu, kundi kubwa kuliko yote yanayohamahama katika jimbo. Idara ya Misitu ikasema tutapoteza si zaidi ya asilimia 15. Idara ya wanyamapori ya jimbo ikasema inaweza kufika 50. Kundi moja, serikali mbili, tarakimu mbili. Mahakama ikasema, majaji wote kwa kauli moja: sheria inakataza idara kuamua bila kujua, haikatazi kuamua vibaya. Ukishaandika kwamba kulungu watakufa, unaweza kuendelea.

Sisi ni tofauti. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, na kwa ile ya Kenya ya 1999, bila cheti au leseni mradi hauanzi. Meno tunayo! Mtoto kamzidi mama. Muulizeni aliyekuwa anataka kujenga mtambo wa makaa ya mawe Lamu, megawati 1,050: Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya, lile linaloamua mashauri kama mahakama, lilifuta leseni, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti kutoka. Yaani kule Lamu, "maswali mbalimbali na yakajibiwa" iligharimu leseni nzima.

Kwa hiyo usiniambie wananchi hawaelewi mambo ya kitaalamu. Yule mama alielewa. Kosa lake, na kosa letu tuliokaa naye, ni kwamba aliuliza kwa mdomo. Barua! Karatasi ya daftari inatosha, kwa Kiswahili, tarehe, sahihi, nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa". Wakikataa kugonga, andika jina la aliyekataa.

Naam, Mwenyekiti, nimeiona hiyo saa. Nilitaka kuzungumzia mabadiliko ya Marekani: tangu 2023 waraka umewekewa ukomo wa kurasa 150, au 300 kwa miradi tata, na miaka miwili, na Mei 2025 Mahakama ya Juu imewaambia majaji wa chini wasiwe wanazichokonoa idara. Someni wenyewe. Kilimanjaro na yale magari ya kuning'inia kwenye nyaya, yaliyotangazwa 2019 na wapagazi wakapiga kelele, nilikuwa nimeyatengea dakika kumi. Basi, siku nyingine.

Sandy Butte? Dada ameuliza kwa sauti ya chini. Hakuna lifti hata moja mpaka leo. Idara ya Misitu ilishinda Mahakama ya Juu, lakini kibali kilikuwa cha 1984 na hukumu ni ya 1989, na baada ya hapo mradi ukasuasua mpaka ukafa. Bondeni sasa kuna zaidi ya kilomita 200 za njia za ski za tambarare, mtu anajisukuma kwa miguu yake, na kulungu wanapita.

Maswali yapo, naona mikono. Shusheni. Kuna karatasi zinapitishwa kutoka nyuma, na kalamu. Andikeni.