Logini inayokubali asubuhi na kukataa mchana: tuitafute seva yenye saa mbovu

Karibuni mafundi wenzangu, wa Kampala, Mbarara, Gulu na popote mnapohangaika na domeni, yaani mtandao wa ofisi wa Windows ambao watumiaji wake wote wanasimamiwa pamoja. Leo tunalishika lile tatizo la kuja na kuondoka. Mtumiaji ameingia vizuri saa tatu asubuhi. Saa tano folda ya pamoja inamkatalia, saa sita inamfungulia tena. Nywila ni ileile. Usimbadilishie! Kosa likija na kuondoka hivi, mara nyingi seva zinazojibu ni zaidi ya moja, na mojawapo ni mbovu. Tukijua ni ipi, nusu ya kazi imekwisha.

Hapa nina domeni kontrola (DC) mbili, yaani seva zinazothibitisha watumiaji: DC01 ya Kampala na DC02 ya Mbarara, ambayo ni seva pepe, kompyuta ya kiprogramu inayokaa ndani ya mashine halisi kwa kutumia Hyper-V ya Microsoft.

Kaa kwenye kompyuta inayokataa, wakati uleule inapokataa. Usiizime. Narudia, usiizime, maana tiketi, vile vibali vya kidijitali anavyopewa mtumiaji akishathibitishwa, zikifutika ushahidi umekwenda nazo. Fungua dirisha la amri uandike:

klist

Tafuta mstari wa "Kdc Called". Hapo ndipo seva iliyotoa tiketi inapotajwa, nasi tunaona DC02. Piga picha. Na hapa wengi wanateleza: fungua dirisha hilo kama mtumiaji wa kawaida, siyo kama msimamizi. Dirisha la msimamizi lina tiketi zake lenyewe, utasoma za mtu mwingine uondoke umeridhika bure.

Sasa tuhamie kwenye seva. Event Viewer, kumbukumbu za Security, chuja namba 4771 (uthibitisho ulioshindwa) na 4769 (maombi ya tiketi za huduma). Angalia DC zote mbili. Unachotaka ni msimbo wa kosa. 0x18 ni nywila mbaya, huyo mrudie mtumiaji au simu yake yenye nywila ya zamani. Sisi tuna 0x25: saa zimepishana. Kerberos, mfumo unaotoa na kukagua tiketi hizo, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5, basi. Ikizidi hapo tiketi inakataliwa hata kama nywila ni sahihi kabisa.

Tupime saa ya DC02 dhidi ya DC01, kwa w32tm, amri ya huduma ya saa ya Windows. Nikiwa DC02:

w32tm /stripchart /computer:DC01 /samples:5 /dataonly

Ngoja... mnaona? 0x800705B4 mistari yote. Hiyo maana yake jibu halikufika. Twende kwenye faiwoli, kichujio cha mtandao, iliyo kati ya matawi. Ndiyo, hii hapa, poti 123 imefunguliwa kwa TCP, moja ya njia mbili za kusafirisha data; nyingine ni UDP. Itifaki ya saa hutumia UDP 123. TCP haisaidii kitu. Nabadilisha, nahifadhi, narudia amri. Haya, sasa inajibu: +552. DC02 iko nyuma kwa sekunde 552, zaidi ya dakika 9. Kompyuta za Mbarara zinaifuata saa hiyo, zikigonga mlango wa seva ya mafaili ya Kampala zinarudishwa. Siku zikibahatika kuifuata DC01, zinapita.

Inachukua saa wapi?

w32tm /query /source

"VM IC Time Synchronization Provider". Mgeni, yaani DC02, anamuuliza saa mwenyeji, yaani mashine halisi inayoibeba. Na huyu mwenyeji ni mwanachama wa domeni, kwa hiyo naye anamuuliza mgeni! Umeme ukikatika na betri ya ubao mama imechoka, saa inasimama, kisha wote wawili wanakubaliana juu ya uongo.

Zima usawazishaji huo ndani ya DC02. Kwenye rejista nenda:

HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\W32Time\TimeProviders\VMICTimeProvider

Weka Enabled iwe 0. Kisha, dirisha la msimamizi safari hii:

w32tm /config /syncfromflags:domhier /update
net stop w32time
net start w32time
w32tm /resync /rediscover

Usiurekebishe mshale wa saa kwa mkono. Nasema tena, usiurekebishe kwa mkono! Kanda ya saa ikiwa imewekwa UTC, nawe ukasogeza mishale mpaka ifanane na saa ya ukutani, uso utapendeza ila ndani umeharibu saa 3 nzima, kwa sababu Kerberos huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa. Uganda chagua "(UTC+03:00) Nairobi", halafu achia huduma ya saa ifanye kazi yake.

Saa ya nje inachukuliwa na DC moja tu, yenye jukumu la PDC, ile ambayo DC nyingine huifuata kwa saa. Ijue kwa netdom query fsmo. Kwetu ni DC01:

w32tm /config /manualpeerlist:"0.africa.pool.ntp.org,0x8 1.africa.pool.ntp.org,0x8" /syncfromflags:manual /reliable:yes /update

Yule mwenyeji wa Hyper-V mpe seva hizohizo za nje, bila /reliable, ili asimtegemee mgeni wake. Betri yake badilisha. Nyingi ni CR2032, lakini fungua uangalie kwanza.

Kama hukuona 0x25, haraka haraka: kompyuta ikiwa na 8.8.8.8 (ya Google) kama seva ya pili ya DNS, ile inayotafuta anwani za majina, iondoe, maana haiijui domeni yako. Endesha setspn -X kutafuta majina ya huduma yaliyorudiwa. Kompyuta moja tu ndiyo inasumbua? Pima uaminifu wake na domeni kwa Test-ComputerSecureChannel kwenye PowerShell. Ikijibu False, ongeza -Repair.

Rudi kwa mtumiaji: klist purge, funga skrini, ingia tena, fungua folda. Imefunguka. Stripchart inasoma chini ya sekunde moja. Sasa jioni, ofisi ikishafungwa, zima mwenyeji wa Mbarara kwa utaratibu, chomoa waya kwa dakika 15, washa, kisha upime tena uone kama saa imebaki sahihi.