Swali Ambalo Mwalimu Hana Jibu Lake

Mhadhara kwa walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari, uliotolewa Moshi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa Moshi, Hai, Rombo na Mwanga, pamoja na ninyi mlioamka alfajiri kuja kutoka Arusha: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha vijana Kiingereza kwa kutumia masuala ya dunia, hasa ya mazingira. Naomba nianze na jambo dogo ambalo wengi wetu tumelifanya wiki hii hii. Tumesimama mbele ya darasa, tukanyoosha kidole dirishani, tukauliza kwa Kiingereza: hiki ni nini? Mwanafunzi anajua kuwa ni dirisha, na anajua kuwa sisi nasi tunajua. Swali la namna hiyo halimtaki aseme jambo. Linamtaka athibitishe tu kwamba hajakosea. Kijana wa miaka 13 au 14, ambaye katika shule ya msingi alisoma karibu kila somo kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta hesabu, baiolojia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza, anapoulizwa swali la kukaguliwa anaona usalama wake uko katika kunyamaza. Sisi tunauita ukimya huo uvivu au woga. Kwa muda mrefu nami niliuita hivyo.

Nilichokuja kukisema ni hiki. Masuala ya mazingira yanafaa katika somo letu kwa sababu yanatupatia maswali ya kweli, maswali ambayo mwalimu mwenyewe hana jibu lake mfukoni. Hayafai kwa sababu tu ni ya kisasa, wala kwa sababu yanapendeza kwenye andalio la somo mkaguzi anapopita. Tukiyaleta darasani huku majibu yote tumeshayaandika pembeni, tutakuwa tumebadilisha dirisha kwa mti, na ukimya utabaki pale pale.

Chukueni theluji ya Kilimanjaro, ambayo asubuhi ya leo imeonekana wazi kabla mawingu hayajaifunika. Kwa miaka mingi nilifundisha sentensi za masharti kwa mfano mmoja niliourithi kwa walionitangulia: theluji ya mlimani ikiyeyuka yote, mito yetu itakauka. Wanafunzi waliiandika, nikaiwekea alama ya vema, tukasonga mbele. Siku moja binti wa kidato cha tatu aliuliza, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwamba ikiwa maji yanatoka kwenye theluji, mbona mfongo wa kwao, yaani mfereji wa asili wa Wachagga wa kumwagilia mashamba, hupungua maji wakati wa kiangazi, ambapo jua la kuiyeyusha ndilo kali zaidi? Darasa lilitulia. Sikuwa na jibu, na namshukuru Mungu kwamba siku ile sikujifanya ninalo. Nilimwambia tukatafute.

Tulichokipata ni kwamba sentensi yangu ilikuwa sahihi kisarufi na ina kasoro kubwa kwa habari ya maji. Watafiti waliochunguza mlima huu wameonyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji ya chemchemi na mito yetu inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu uliouzunguka mlima, na mchango wa barafu ya kileleni ni mdogo sana. Maana yake, mtu anayekata au kuchoma msitu ule anagusa ndoo ya maji ya Moshi kwa haraka zaidi kuliko tulivyokuwa tukiwaambia watoto. Wiki iliyofuata wanafunzi waliandika upya sentensi za masharti, safari hii kila mmoja akilazimika kujiuliza kama sharti lake na matokeo yake vinafuatana kweli. Sijawahi kuona sarufi ikigombewa vile. Walibishana juu ya neno moja kwa robo saa, wakichanganya Kiswahili na Kiingereza, na mwishoni sentensi iliyobaki ubaoni ilikuwa ya Kiingereza na ilikuwa yao.

Barafu yenyewe ina somo jingine, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Tarakimu hizo hazina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye sababu, na uko pia kwenye siku zijazo. Wako wanasayansi wanaosisitiza joto la dunia linaloongezeka. Wengine wanaonyesha kwamba hewa ya huku kwetu ilianza kuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na kwamba kule juu, ambako baridi hukaa chini ya sifuri, barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Maelezo haya mawili hayafukuzani, kwa kuwa ukavu wenyewe unaweza kuwa na uhusiano na joto la bahari na la dunia. Kijana anayetaka kueleza jambo hilo kwa Kiingereza hawezi kutosheka na neno moja la sababu. Itambidi ajue namna ya kusema kwamba kitu fulani kimechangia, kwamba huenda kimechangia, na kwamba hakitoshi peke yake.

Mwaka 2002 timu ya watafiti iliyoongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani ilichapisha kwamba, iwapo hali ya hewa ya wakati ule ingeendelea vile vile, barafu ya mlima huu ingeelekea kutoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Tazameni sentensi hiyo: ina sharti, na ina neno la kupunguza uhakika. Ilipopita midomoni mwa watu, sharti lilidondoka na neno la tahadhari likadondoka, ikabaki kwamba barafu itaisha mwaka 2020. Mwaka 2020 umepita na barafu, ingawa imekonda, bado ipo. Mwanafunzi anayeisikia habari hii bila mwalimu wa lugha atahitimisha kwamba wanasayansi ni waongo. Akiwa na mwalimu wa lugha atajifunza tofauti ya will na may, na atajifunza kwa nini mtu mzima mwenye elimu huandika likely pale ambapo mtu wa kijiweni angesema lazima. Kitabu cha sarufi huviweka vitenzi hivi kwenye jedwali, na wanafunzi wetu hulikariri jedwali lile wakalisahau baada ya mtihani. Wakiona kwamba kuondoa neno moja dogo kumeifanya habari ya mlima wao wenyewe kuwa uongo, hawasahau.

Sasa niteremke kutoka kileleni hadi kwenye mfongo wa yule binti. Kauli taarifa, yaani kueleza yale aliyoyasema mtu mwingine, ni mada inayowachosha wanafunzi kupita zote, na sababu ni wazi: tunawapa sentensi ya mtu asiyekuwepo, aliyesema jambo lisilomhusu yeyote, kisha tunawaambia wabadilishe wakati na viwakilishi. Mimi niliacha. Niliwatuma wanafunzi wakawaulize bibi na babu zao kuhusu mifongo: ilichimbwa na nani, maji yaligawanywaje kwa zamu, aliyevunja zamu alifanywa nini, na vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, vilikuwaje wakati kahawa ilipokuwa na bei nzuri. Waliuliza kwa Kichagga au kwa Kiswahili, kama ilivyo adabu, na waliporudi waliwajibika kulieleza darasa kwa Kiingereza yale waliyoambiwa. Kulikuwa na mwanafunzi ambaye babu yake alisema kwamba siku ya kusafisha mfongo kila kaya ilipaswa kutoa mtu, na isiyotoa ilikosa maji. Mwingine alileta maelezo tofauti kutoka kwa bibi wa kijiji cha jirani. Ikabidi watuambie kwa usahihi nani alisema nini na lini, kwa sababu sote tulikuwa tunasikia kwa mara ya kwanza, mimi nikiwa wa kwanza kutojua. Kauli taarifa ilipata kazi. Zaidi ya hapo, wazee waliofahamu kwamba maneno yao yanasomwa shuleni kwa lugha ya wageni walianza kuuliza mjukuu anaendeleaje na hicho Kiingereza chake.

Kauli ya kutendwa nitaipitia haraka. Someni na wanafunzi habari yoyote ya mazingira iliyoandikwa kwa Kiingereza, na kila inapotokea kwamba miti ilikatwa au taka zilitupwa mtoni, waulizeni: na nani? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Hapo mtendaji anajulikana. Sehemu nyingine mwandishi amemficha makusudi, na kijana anayetambua kuficha huko amepata kitu kitakachomfaa hata nje ya somo letu.

Lazima niseme pia habari ya tahadhari, kwa maana mada iliyo karibu na mwanafunzi inaweza kumuumiza. Wengi mnafahamu kwamba maji ya sehemu kadhaa za kanda yetu, hasa kuzunguka Mlima Meru, yana madini mengi ya floraidi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara nyingi, ndiyo maana meno ya ndugu zetu wengi yana rangi ya kahawia na wapo ambao mifupa yao imeathirika. Nilipoileta mada hii nikidhani nimepata swali safi la kweli, niliona wanafunzi wawili wakiziba midomo kwa mikono. Walikuwa wametoka upande huo, na mimi nilikuwa nimewageuza kielelezo mbele ya wenzao bila kuwaomba ruhusa. Tangu siku ile huanza na maji yenyewe, na ramani, na miamba ya volkano inayoyatia madini hayo, na vipimo vya lita. Mwenye kutaka kusema habari za nyumbani kwao huchagua mwenyewe. Mwaka mmoja kijana mmoja alichagua. Alisimama akaeleza kwa Kiingereza kwamba rangi ile haisuguliki kwa mswaki wala haitokani na uchafu, na kwamba ilimjia kabla meno yenyewe hayajaota. Sikumsahihisha kosa lolote siku hiyo, ingawa yalikuwepo.

Najua kinachowasumbua. Kuna mtihani wa taifa, kuna madarasa ya wanafunzi 60 au 70, na kipindi ni dakika 40. Kuhusu mtihani, sijaacha mada yoyote ya muhtasari. Masharti, kauli taarifa, ufahamu na insha vyote vimo katika niliyoyasema, ila vimepewa kitu cha kubeba. Kuhusu wingi wa wanafunzi, makundi ya sita sita hupiga kelele, na kelele hizo nimezikubali. Ugumu halisi ninaouona ni mwingine: tunashawishika kuhubiri. Tunamwambia mtoto wa mkulima wa Old Moshi kwamba ayatunze mazingira, kana kwamba yeye ndiye aliyeipasha dunia joto, ilhali sehemu kubwa ya gesi za kuipasha joto ambazo binadamu wameziongeza angani imetoka katika nchi zilizotangulia kuwa na viwanda. Mtoto huyo ana haki ya kuuliza kwa Kiingereza fasaha nani alipe, na jibu lake linajadiliwa mpaka sasa na mataifa yaliyotia saini Mkataba wa Paris wa mwaka 2015. Wapeni wanafunzi nafasi wamsikie Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 kwa kazi iliyoanza na miche ya miti mikononi mwa wanawake wa vijijini, na aliyezungumza na dunia kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Afrika Mashariki. Wanafunzi wangu walipoisikia sauti yake, wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mmoja wa wale niliokuwa nikiwaita wavivu.

Kwenye meza zenu kuna karatasi tupu. Kabla ya chai, naomba kila kundi la walimu sita liandike swali moja kuhusu mahali shule zao zilipo, swali ambalo wanafunzi wanaweza kulitafutia jibu na mwalimu hawezi kulijibu leo, kisha chini yake mtaje mada ya sarufi ambayo bila hiyo jibu haliwezi kuelezwa kwa Kiingereza. Walimu wa Mwanga, kwa kuwa Upare mna ndiva, yaani mabwawa ya asili ya kuhifadhi maji ya kumwagilia, naomba mtuanzishie.